Aliyekosa Msamaha Huishia Wapi?

Kila baada ya miaka michache habari moja huvuka bahari kutoka nchi za Ghuba na kuingia majumbani mwetu kabla haijachapishwa na gazeti lolote: serikali fulani ya huko imetangaza msamaha kwa wageni waliozidisha muda wa viza au wanaoishi bila vibali. Simu hulia usiku. Mama aliyeko Tanga humpigia mdogo wake aliyeko Mombasa, naye humuuliza shemeji yake aliyeko Maskati, na ifikapo alfajiri mtaa mzima una rai yake. Katika siku hizo za matumaini ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo sisi tunaliona zito kuliko yote: yule ambaye msamaha huo utamkataa ataishia wapi?

Tumeona tulizungumze swali hili katika safu ya familia, wala si katika kurasa za siasa, kwa sababu mzigo wake huiangukia familia. Majibu yanayotolewa barazani aghalabu ni ya namna mbili. Wapo wanaosema kuwa aliyekataliwa hutupwa gerezani asionekane tena, na wapo wanaosema kuwa hapana litakalomfika, atulie tu asubiri msamaha mwingine. La kwanza limewafanya wengi wasithubutu hata kwenda kuuliza. La pili limewapotezea wengine miaka ya maisha yao. Yote mawili si kweli.

Yafaa kwanza tulielewe neno lenyewe. Tukisema kwa lugha yetu kuwa fulani amesamehewa, twakusudia kwamba yamekwisha, arudi akae nasi. Nchi nyingine zimewahi kulitumia neno hilo kwa maana hiyo. Marekani, kwa mfano, ilipitisha sheria mwaka 1986 iliyowapa ukaazi halali watu wapatao milioni 2.7. Waombaji wengi walitakiwa wathibitishe kuwa wameishi humo tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1982, na sheria hiyo hiyo ikawakataza maofisa kulitumia faili la mwombaji kwa ajili ya kumtafuta na kumfukuza. Aliyekataliwa alirudi katika kivuli alichotokea, na baadhi yao walifungua kesi ambazo hazikumalizika hadi karne hii ilipokwisha kuanza.

Msamaha wa Ghuba ni kitu kingine. Kwa kawaida ni tangazo lenye tarehe ya mwanzo na tarehe ya mwisho, na makusudio yake makubwa ni kumwezesha mgeni kuondoka bila ya kulipa faini na bila ya kufungwa. Wakati mwingine humruhusu kutengeneza hati zake na kubaki, iwapo atapata mwajiri wa kumpokea. Kwa hiyo mzazi anayesikia neno "msamaha" na kudhani kuwa mwanawe sasa ataendelea na kazi kwa amani, huenda anafurahia jambo ambalo halikuahidiwa.

Tuchukue mfano wa Saudi Arabia. Mwaka 2013 Mfalme Abdullah alitoa muhula wa miezi mitatu kwa wafanyakazi wasio na hati sahihi, kisha muhula huo ukaongezwa hadi tarehe 3 Novemba 2013, siku ambayo mwaka wa Hijria 1434 ulikuwa ukielekea ukingoni. Mamilioni walitengeneza mambo yao au waliondoka. Waliobaki nyuma walianza kukamatwa kuanzia siku iliyofuata, madukani, majumbani na barabarani. Katika mtaa wa Manfuhah mjini Riyadh, uliokuwa na Wahabeshi wengi, kukazuka ghasia na watu wakafa. Katika miezi michache tu Ethiopia ililazimika kuwapokea raia wake zaidi ya 160,000, wengi wao wakiwa na nguo walizovaa na mfuko mmoja mkononi.

Mwaka 2017 nchi hiyo ilitangaza tena muhula wa siku 90, kuanzia tarehe 29 Machi, chini ya kaulimbiu ya taifa lisilo na wavunja sheria. Safari hiyo walioondoka wenyewe waliahidiwa jambo kubwa zaidi kuliko kusamehewa faini: alama za vidole vyao hazitaingizwa katika daftari la waliofukuzwa, na hivyo waweza kurudi siku nyingine kwa njia ya halali. Muhula uliongezwa zaidi ya mara moja, kisha katikati ya Novemba msako ukaanza, nao haujasimama hadi leo. Wizara ya Mambo ya Ndani ya huko hutoa takwimu kila wiki, na si jambo la ajabu kusoma kwamba katika siku saba wamekamatwa watu 15,000 hadi 20,000 kwa makosa ya ukaazi, ya kazi na ya kuvuka mipaka.

Falme za Kiarabu zilitoa msamaha mwaka 2018, na mwingine ulioanza tarehe 1 Septemba 2024 kwa miezi miwili, ukasogezwa hadi tarehe 31 Desemba. Kule faini ya kuzidisha muda ni dirhamu 50 kwa siku. Mwenye kuhesabu atajionea mwenyewe: mtu aliyekaa miaka mitatu bila hati anadaiwa zaidi ya dirhamu 54,000, fedha ambazo mfanyakazi wa ndani hatazipata kwa mshahara wa miaka hiyo mitatu, hata asile wala asivae. Oman nayo ilifungua mlango wake Novemba 2020, wakati wa maradhi ya korona, na kuuongezea muda hadi mwaka uliofuata. Utaona kwamba milango hii hufunguka mara kwa mara. Hapo ndipo ilipozaliwa ile rai ya barazani ya kusubiri msamaha mwingine.

Sasa basi, ni nani anayekataliwa?

Hapa ndipo penye fundo la jambo zima. Msamaha husamehe kile ambacho dola inamdai mgeni. Hausamehi kile ambacho mtu mwingine anamdai. Waliosoma madrasa hawatashangaa, kwani wamefundishwa tangu udogoni tofauti baina ya haki ya Mwenyezi Mungu na haki za waja, na kwamba toba ya usiku kucha hairudishi kikombe kilichochukuliwa kwa jirani. Faini ya kuzidisha muda ni mali ya serikali, nayo serikali yaweza kuiachilia. Lakini deni la benki, kodi ya nyumba iliyofikishwa mahakamani, hundi iliyorudi, shitaka la ugomvi, na madai ya wizi yaliyoandikishwa polisi na mwajiri, hayo si yake kusamehe. Mtu mwenye kesi ya namna hiyo huweza kuwekewa zuio la kusafiri, naye hufika dirishani akiwa na tiketi mkononi na kuambiwa kuwa jina lake haliwezi kupita mpaka kwanza amalizane na mdai wake.

Wengi huwa hawajui kabisa kuwa wana kesi. Hili latuuma kuliko mengine yote, na twaomba wasomaji watuvumilie tukilirefusha.

Chini ya utaratibu wa udhamini, mgeni huishi nchini kwa jina la kafili wake. Mfanyakazi wa ndani anayekimbia nyumba kwa sababu ya kupigwa, kunyimwa mshahara au mabaya zaidi ya hayo, huacha nyuma pasipoti yake, kwa kuwa aghalabu iko kabatini mwa mwajiri. Mwajiri huandikisha taarifa ya utoro, ile ambayo wafanyakazi wenyewe huiita hurubu, na kuanzia hapo kibali cha binti yule hakina uzito tena. Mwajiri mwenye hasira huongeza jambo la pili: kwamba alipokimbia alichukua dhahabu, au simu, au fedha za mama mwenye nyumba. Binti hana habari. Hupata kazi ya vibarua, leo kwa huyu kesho kwa yule, akiishi na wenzake saba katika chumba kimoja, na miaka miwili baadaye msamaha unapotangazwa hujipanga kwenye foleni akiwa na imani kuwa kosa lake ni moja tu, kukosa hati. Dirishani ndipo anapoelezwa kwamba ni mtuhumiwa wa wizi.

Mwaka 2021 Saudi Arabia ilipunguza nguvu za kafili kwa wafanyakazi wa makampuni, ikawaruhusu kuhama kazi na kutoka nchini kwa masharti mepesi zaidi. Wafanyakazi wa ndani hawakuingizwa katika mabadiliko yale. Oman nayo iliondoa, kuanzia Januari 2021, sharti la kupata hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mwajiri wa zamani. Ni hatua njema, na hatuna sababu ya kuzibeza. Hata hivyo, madhali neno la mwajiri mmoja laweza kumgeuza mfanyakazi kuwa mtoro kwa siku moja, msamaha utaendelea kuwakataa wale wale waliouhitaji zaidi. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwezi Novemba 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani kutoka Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Yaliyomo ndani yake kuhusu pasipoti kuzuiliwa na mishahara kutolipwa yalikuwa yakisimuliwa Unguja na Mtwara miaka mingi kabla.

Wako pia wanaokataliwa kwa sababu ya njia waliyoingilia. Aliyeingia kwa viza kisha akaizidisha huhesabiwa kuwa na kosa dogo kuliko aliyevuka mpaka kwa siri, kama wafanyavyo vijana wa Pembe ya Afrika wanaopitia Yemen na kuingia Jizan. Huyo wa pili aghalabu huwekwa nje ya msamaha, au hupewa masharti magumu zaidi. Vilevile aliyewahi kufukuzwa kisha akarudi kwa jina jingine hana pa kujificha siku hizi, kwa kuwa vidole havibadilishi jina. Na wapo, bila shaka, waliochelewa tu, ambao walikuja mlangoni siku ya tatu baada ya kufungwa kwa sababu waliambiwa kwamba utaongezwa tena.

Kuna kundi jingine ambalo sisi Waislamu twapaswa kulitazama kwa jicho la peke yake, nalo ni la wanaokwenda Umra na kubaki. Viza ya Umra ilikuwa ya siku 30, ikafanywa ya siku 90. Mtu huondoka kwetu akiagwa kwa dua na udi, mama amemuuzia shamba, na moyoni amekwisha nuia kutorudi. Hatutaki kuhukumu nia za watu, lakini twasema wazi kuwa aliyeweka saini kwamba atatoka tarehe fulani ametoa ahadi, na ahadi hiyo haikomi kuwa ahadi kwa sababu imetolewa kwa afisa wa uhamiaji. Adhabu ya kuzidisha muda huko yaweza kufika faini ya riyali 50,000, kifungo cha miezi sita na kufukuzwa. Kampuni ya Umra isiyotoa taarifa ya msafiri aliyebaki yaweza kutozwa hadi riyali 100,000, na ndiyo maana baadhi ya wasafirishaji wetu sasa hudai dhamana kwa vijana. Anayekamatwa akijaribu kuhiji bila kibali huadhibiwa kwa faini ya hadi riyali 20,000, na aliyezidisha muda hufukuzwa na kuzuiwa kuingia kwa miaka 10. Mtu aliyebaki ili awe karibu na Kaaba huenda akajinyima Hija yake ya faradhi kwa muongo mzima.

Turudi kwa aliyekataliwa. Kwa kawaida halimpati jambo la ghafla siku ile ile, labda awe na hati ya kukamatwa. Hutoka pale dirishani akarudi chumbani kwake. Yanayobadilika ni mambo mawili. Kwanza, amekwisha jitambulisha, na kama vidole vyake havikuwemo katika kompyuta za serikali sasa vimo. Pili, wanaomficha huanza kuogopa. Nchini Saudi Arabia anayemsafirisha au kumpa makazi mtu aliyevuka mpaka kwa siri anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 15 na faini ya hadi riyali milioni moja. Tangazo hilo hurudiwa kila wiki sambamba na takwimu za waliokamatwa. Ndugu mwenye iqama halali na watoto shuleni hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kumfungulia binamu yake mlango. Hivyo aliyekataliwa husogea kutoka chumba hadi chumba, mshahara wake hupungua kwa kuwa kila anayemwajiri anajua hana pa kushitaki, na akiumwa huchelea kwenda hospitali.

Kisha siku moja hukamatwa. Hupelekwa kituoni, na kutoka hapo katika kituo cha kushikilia wanaosubiri kurejeshwa, kama kile cha Shumaisi kilichoko baina ya Jeddah na Makka. Muda atakaokaa humo hautegemei sana ukubwa wa kosa lake. Hutegemea zaidi karatasi mbili: hati ya kusafiria na tiketi. Mwenye pasipoti na nauli huweza kuondoka baada ya siku au wiki chache. Asiye na pasipoti husubiri ubalozi wake uthibitishe kuwa ni raia na utoe hati ya dharura ya kusafiria. Asiye na nauli husubiri ndege ya serikali, kama ipo. Mwaka 2020 maelfu ya Wahabeshi walisongamana katika vituo vya Jizan na kwingineko kwa muda mrefu, katika hali ambayo mashirika ya haki za binadamu yaliieleza kwa maneno ambayo hatutayarudia katika ukurasa usomwao na watoto. Kufikia Machi 2022 Ethiopia ilikubali kuwarejesha raia wake zaidi ya 100,000.

Mwenye kesi ya jinai hachukui njia hii moja kwa moja. Huyo hupelekwa mahakamani kwanza, hutumikia adhabu yake akipatikana na hatia, na baada ya hapo ndipo hufukuzwa. Mwenye deni la mtu hubaki amefungwa mikono: hawezi kuondoka kwa kuwa anadaiwa, na hawezi kufanya kazi alipe kwa kuwa hana kibali. Tumesikia watu wakidhihaki kwamba hao ni wafungwa wasio na gereza.

Ipo taswira moja ambayo wazee waliokaa Jeddah wanaifahamu. Miaka ya mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, wafanyakazi wa Kifilipino na Kiindonesia waliokimbia makafili wao walipiga kambi chini ya daraja la Kandara. Walilala pale pamoja na watoto wao, wazi mbele ya macho ya polisi. Hawakuwa wakijificha. Walikuwa wakisubiri kukamatwa, kwa kuwa kufukuzwa nchini kulikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kurudi kwao. Yeyote anayedhani kuwa asiye na hati daima hukimbia askari na aitafakari picha hiyo.

Na watoto? Falme za Kiarabu, katika msamaha wa 2024, ziliwaingiza pia watoto waliozaliwa humo ambao wazazi wao hawakuwaandikisha kwa wakati. Huo ni uungwana. Kwingineko mambo ni mazito, hasa kwa mama aliyejifungua bila cheti cha ndoa. Mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa, asiye na cheti hapati hati ya kusafiria, na mama akiambiwa kuwa yeye anaweza kuondoka lakini mwanawe hana karatasi, msamaha huo kwake ni sawa na kutokuwepo. Serikali ya Kenya iliwahi kupeleka maofisa Riyadh kuchukua vipimo vya DNA vya mama na watoto wao ili uraia wao uthibitishwe. Twajua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza huyo mtoto amepatikanaje. Twawaomba waliweke swali hilo kando mpaka mtoto awe amefika nyumbani, na wakumbuke pia kwamba si kila mimba ya kijakazi katika nyumba ya watu ilitokana na hiari yake.

Tuseme nini juu yetu sisi tuliobaki nyumbani? Tumesoma na kusikiliza mengi, na twaona kwamba maamuzi mabaya mengi hayafanywi Riyadh wala Dubai. Hufanywa sebuleni kwetu. Msamaha unapotangazwa binti hupiga simu kuuliza, nasi humwambia: vumilia kidogo, paa halijaezekwa, vumilia, mdogo wako yuko kidato cha nne, usirudi mikono mitupu watu watatucheka. Hatumwambii kwamba dirisha lina siku 60. Akija kukamatwa miezi sita baadaye hurudi vile vile mikono mitupu, ila sasa na alama ya kufukuzwa na mlango wa kurudi kihalali umefungwa kwa miaka. Tofauti baina ya anayeondoka ndani ya msamaha na anayeondoka baada yake si heshima tu. Wa kwanza huweza kuomba viza tena mwakani. Wa pili huenda asiingie nchi hiyo tena, na kwa kuwa nchi za Ghuba hubadilishana habari, huenda asiingie hata jirani yake.

Kwa hiyo ushauri wetu ni wa kawaida kabisa. Kabla ya kwenda dirishani na aulize kwanza kama ana taarifa ya utoro au kesi nyingine. Baadhi ya nchi hizo huwezesha mtu kuangalia kwa namba ya iqama au ya pasipoti kwa njia ya simu. Asiyeweza na aende ubalozini. Tanzania na Kenya zina balozi Riyadh, Abu Dhabi na Maskati, na siku za msamaha foleni hapo huwa ndefu, basi aende wiki ya kwanza, si ya mwisho. Kama kuna deni, familia na ikae ichange ilimalize deni hilo kabla ya kununua tiketi, kwani tumeona watu wakinunua tiketi mara mbili na mara tatu huku wakizuiliwa kwa dirhamu elfu moja za bili ya simu. Kama kuna mshahara haujalipwa, asiuachilie kwa sababu anaondoka. Aandikishe madai yake na amwachie mtu hati ya uwakilishi. Na ajihadhari na madalali wanaouza "kusafishiwa jina" kwa njia ya WhatsApp. Hakuna mtu wa mtaani mwenye ufunguo wa kompyuta za uhamiaji, na fedha wanazochukua hawazirudishi.

Aliyekwisha kataliwa asibaki peke yake. Ubalozi huweza kuzungumza na mwajiri aliyeandikisha taarifa, na taarifa hizo hufutwa mara nyingine mwajiri akiridhika, au ikithibitika kuwa zilitolewa kwa uonevu. Madai ya wizi yasiyo na ushahidi huweza kuanguka. Ni kazi ya miezi, si ya siku, na inahitaji mtu wa kufuatilia. Lakini ni afadhali mara mia kuliko kuhamahama vyumbani.

Jambo la mwisho ni dogo mno, tena liko mikononi mwetu. Ubalozi unapoombwa hati ya dharura kwa mtu asiye na pasipoti, huuliza ushahidi wa uraia, nao swali hilo hulirudisha huku kwetu, Uhamiaji. Familia yenye nakala ya pasipoti yake, cheti chake cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho chake ndani ya sanduku la mama hulimaliza suala hilo kwa haraka. Isiyo na chochote huanza kuzunguka kwa mtendaji wa kijiji na kwa walimu wa shule ya msingi aliyosoma, ikitafuta mtu wa kushuhudia kwamba huyu aliyeko Shumaisi ni mtoto wa hapa.